Mbulu 1960: Kiti Kimoja Kilichoiponyoka TANU

Basi la Karatu likitoka stendi ya Arusha hushika barabara ya Dodoma, likapita Kisongo, likakata tambarare za Monduli, na baada ya mwendo wa zaidi ya saa moja likafika Makuyuni, ambako barabara inagawanyika. Mwenye safari ya Babati anaendelea mbele. Mwenye safari ya Karatu anakata kulia, anapita Mto wa Mbu palipo na wauza ndizi nyekundu, kisha gari linaanza kukwea ukingo wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini upande wa kushoto, na udongo wa pembeni mwa barabara unazidi kuwa mwekundu. Wasafiri wengi wa siku hizi wanaiona njia panda ile kama mahali pa kuachana tu kati ya watu wa Mkoa wa Arusha na watu wa Mkoa wa Manyara. Hata hivyo, mkoa wa pili ulizaliwa mwaka 2002. Wakati Tanganyika inajiandaa kupata uhuru, Karatu ya kulia na Babati ya mbele, pamoja na Hanang na Mbulu yenyewe, zote zilikuwa ndani ya wilaya moja iliyoitwa Mbulu, na jina hilohilo ndilo lililoandikwa katika orodha ya majimbo ya uchaguzi wa mwaka 1960.

Kisa ninachotaka kukichambua kilitokea katika jimbo hilo tarehe 30 Agosti 1960. Siku hiyo TANU, chama ambacho hakuna aliyetilia shaka kwamba kingeshinda, kilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Hakikuchukuliwa na chama kingine. Kilichukuliwa na Herman Sarwatt, aliyekuwa mwanachama wa TANU, ambaye aligombea kama mgombea binafsi dhidi ya Chifu Amri Dodo, mgombea rasmi wa chama chake mwenyewe, na akamshinda. Vitabu vya historia hulitaja jambo hili kwa sentensi moja, mara nyingi katika mabano, kisha vinaendelea na habari za Septemba 1960, Nyerere alipounda serikali ya madaraka. Mimi naona sentensi ile inastahili kufunguliwa, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo siasa za nchi hii zimekuwa zikilizungukia kwa zaidi ya miaka sitini: mwananchi anayekitaka chama lakini hamtaki mtu aliyeletwa na chama, apitie mlango gani?

Kwanza nieleze istilahi, maana neno lenyewe limehama. Enzi za ukoloni, katika Kiswahili cha serikali, jimbo lilikuwa eneo kubwa la utawala, kile tunachokiita mkoa leo. Mbulu ilikuwa wilaya ndani ya Jimbo la Kaskazini, ambalo makao yake makuu yalikuwa Arusha na ambalo lilizijumuisha pia Moshi na Umasaini. Kwa hiyo, msomaji akikutana na maandishi ya miaka ya 1950 yanayosema jimbo, asifikirie kiti cha bunge. Katika makala haya nitatumia jimbo kwa maana ya sasa ya eneo la uchaguzi, isipokuwa pale ninapolitaja Jimbo la Kaskazini kwa jina lake.

Uchaguzi wa kwanza wa wawakilishi uliohusisha Waafrika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Kaskazini lilikuwa katika awamu ya kwanza. Utaratibu wake ulikuwa wa kura tatu: kila aliyesajiliwa alitakiwa kumpigia kura Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na asipofanya hivyo kura yake haikuhesabiwa. Utaratibu huo ndio uliotaka kuipasua TANU katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ambako Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki, na Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama cha ANC. Huku Kaskazini walioingia Barazani kwa kuungwa mkono na TANU ni Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Sophia Mustafa. Kwa mtu wa Mbulu, wawakilishi hao walikuwa mbali. Eneo la uchaguzi lilikuwa jimbo zima la utawala, kutoka Kilimanjaro hadi Hanang, na sifa za kupiga kura zilikuwa za juu: elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kushika cheo maalumu. Mkulima wa Karatu au mfugaji wa Hanang ambaye angetimiza masharti hayo alikuwa nadra.

Mwaka 1960 mambo yalibadilika kwa namna mbili, na zote zina uzito katika kisa hiki. Masharti yalilegezwa: sasa ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75, au kuwa na cheo. Vilevile maeneo ya uchaguzi yalipunguzwa ukubwa, ikawa Mbulu ina kiti chake yenyewe kati ya viti 50 vya wazi, ambavyo havikutengewa rangi yoyote, ilhali viti 11 vilitengwa kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. Kwa mara ya kwanza watu wa Mbulu waliulizwa wamtume nani, na waliulizwa wao peke yao.

Au tuseme wangeulizwa, kama mgombea angekuwa zaidi ya mmoja. Hapa ndipo takwimu za uchaguzi ule zinapohitaji kusomwa kwa utulivu, kwa sababu zinadanganya mtu anayezitazama juujuu. Katika viti 71, wagombea 58 walipita bila kupingwa, na wote walikuwa wa TANU. Maana yake ni kwamba katika sehemu kubwa ya Tanganyika uchaguzi wa kuelekea uhuru ulipita bila mtu kutumbukiza karatasi kwenye sanduku. Kura zilipigwa katika majimbo 13 tu. Katika hayo 13, TANU ilipata takriban asilimia 83 ya kura zote, chama cha ANC hakikufikisha hata asilimia moja, na takriban asilimia 17 iliyobaki ilikwenda kwa wagombea binafsi. Ukiziweka tarakimu hizo pamoja unagundua jambo ambalo hadithi ya ushindi wa viti 70 kwa 71 inalificha: upinzani uliokuwepo mwaka 1960, kidogo kama ulivyokuwa, haukuwa wa vyama. Ulikuwa wa watu waliosimama wenyewe, na angalau mmoja wao alikuwa na kadi ya TANU mfukoni.

Kwa nini uamuzi wa makao makuu uliangukia kwa chifu? Kwa mtu aliyezoea kusikia kwamba TANU iliwafuta machifu, chaguo hilo linaweza kuonekana la ajabu, lakini mwaka 1960 halikuwa la ajabu hata kidogo. TANU ilikuwa inajitahidi kuonyesha kwamba nchi nzima iko nyuma yake, na machifu walikuwa sehemu ya nchi hiyo. Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe aliingia katika serikali ya Nyerere mwaka huohuo wa 1960. Kumweka chifu kuwa mgombea katika jimbo la vijijini, lenye makabila kadhaa na lisilo na mji mkubwa, kulikuwa hesabu inayoeleweka: jina lake linajulikana, watu wamezoea kumwona akiongoza baraza, na serikali ya kikoloni isingeweza kudai kwamba chama ni cha wahuni wa mjini.

Kilichokosekana katika hesabu hiyo, kwa maoni yangu, ni kujua uchifu ulikuwa na maana gani hasa Mbulu. Wairaqw, ambao ndio wengi katika wilaya ile na ambao majirani zao wamezoea kuwaita Wambulu, hawakuwa na ufalme wa kurithishana wenye mamlaka juu ya kabila zima kama ule wa Washambaa. Mambo ya ardhi, mipaka na mvua yalikuwa mikononi mwa wazee na wataalamu wa mila katika maeneo yao, na uamuzi ulifikiwa katika mikutano ya wazee. Cheo cha chifu wa wote kilijengwa na wakoloni, Wajerumani kwanza, kisha Waingereza, kwa sababu walihitaji mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai kodi. Wagorowa wa upande wa Babati, Wabarabaig wa Hanang na Wambugwe wa bondeni nao walikuwa na wakubwa wao, kila watu kwa historia yao. Chifu wa Mbulu alikuwa mtu mwenye heshima, lakini heshima hiyo ilichanganyika na dawati la serikali.

Na dawati hilo lilikuwa na kazi nyingi katika miaka iliyotangulia uchaguzi. Mbulu ilikuwa moja ya wilaya ambazo Waingereza walizitumia kuendesha mipango mikubwa ya hifadhi ya udongo baada ya Vita Kuu ya Pili: kufyeka vichaka vya mbung'o, kuhamishia watu maeneo mapya, na jambo lililouma kuliko yote, kupunguza idadi ya mifugo. Kwa Mwiraqw ng'ombe ni mbolea ya shamba, ni mahari na ni akiba ya mwaka wa njaa. Ng'ombe hukopeshana kati ya kaya na kaya, hivi kwamba mtu anaweza kuwa na ng'ombe kumi wanaolishwa katika maboma matano tofauti. Ofisa anapokuja na daftari akataka idadi ipungue, anakata pia nyuzi za ujamaa ambazo haziandikwi katika daftari lake. Amri za namna hiyo, popote Tanganyika, ziliteremka kwa mkulima kupitia mamlaka ya wenyeji, yaani kupitia machifu na wajumbe wao. Sidai kwamba kila kura iliyopigwa dhidi ya Amri Dodo ilikuwa kura ya ng'ombe. Ninachodai ni kwamba mtu yeyote aliyebeba jina la uchifu Mbulu mwaka 1960 alibeba pia kumbukumbu ya daftari lile, apende asipende, na kwamba jambo hilo lilionekana wazi zaidi kwa aliyekaa Dongobesh au Endagikot kuliko kwa aliyekaa Dar es Salaam.

Kuna njia nyingine ya kukisoma kisa hiki, nayo ina watetezi wake. Inasema kwamba Mbulu ilikuwa pembezoni, kwamba TANU haikuwa na mizizi ya kutosha kule, na kwamba matokeo yalikuwa ajali ya jimbo la mbali lisilo na habari. Siikubali. Kama TANU ingekuwa dhaifu Mbulu, tungetarajia kumwona mpinzani wa TANU akishinda, au wapiga kura wakigawanyika hovyo. Badala yake mshindi alikuwa mwanachama wa chama hichohicho. Wapiga kura walikuwa na njia rahisi ya kukipinga chama na hawakuitumia. Walitumia njia ngumu zaidi, ya kukikubali chama na kukisahihisha. Hilo halifanywi na watu wasio na habari. Linafanywa na watu walio na habari nyingi kuliko kamati iliyoteua.

Yaliyofuata baadaye yanaweza kuelezwa haraka. Mwaka 1963 mamlaka ya kiutawala ya machifu yalifutwa kisheria nchi nzima, kwa hiyo ule upande mmoja wa mashindano ya Mbulu ukakosa cheo. Mwaka huohuo TANU iliamua kuelekea mfumo wa chama kimoja, na Katiba ya Muda ya 1965 ikaweka sharti kwamba mgombea lazima awe mwanachama wa chama. Mlango aliopitia Sarwatt ukafungwa.

Hata hivyo, kulikuwa na kitu cha kushangaza katika namna ulivyofungwa. Tume iliyoundwa mwaka 1964 kutafakari demokrasia ya chama kimoja ilikabiliwa na tatizo lilelile la viti 58: kama mgombea wa TANU ana uhakika wa kupita, mwananchi anachagua nini? Jibu lililopatikana, na lililotumika Septemba 1965, lilikuwa kuwaweka wagombea wawili wa TANU katika kila jimbo. Mkutano mkuu wa wilaya ulipigia kura majina, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, kisha mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na wananchi wakaamua. Mtu asiyejua kusoma aliweka alama yake penye picha anayoitaka. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa kwa njia hiyo, na hakuwa peke yake. Ukitazama kwa makini, jembe na nyumba ilikuwa Mbulu ya 1960 iliyohalalishwa na kusambazwa nchi nzima: wana TANU wawili, sanduku moja, wananchi wakiwa waamuzi. Tofauti ilikuwa ndogo kwa maneno na kubwa kwa vitendo. Sarwatt alijiteua. Wagombea wa 1965 na miaka iliyofuata waliteuliwa, na jina lililokatwa Dar es Salaam halikufika kwenye karatasi ya kura hata kama wilaya nzima ilikuwa imelipigia.

Maneno ya kukata jina na jina kurudi yameingia katika lugha yetu ya kisiasa kutokana na mfumo huo, na hayajatoka hata baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992. Mtu anagombea kura za maoni, anaongoza, halafu jina linaanza safari: kamati ya siasa ya wilaya, ya mkoa, Kamati Kuu, Halmashauri Kuu. Jimbo zima linakaa likisubiri. Wapambe wanapiga simu Dodoma, wengine wanalala vijiweni wakisikiliza redio, na siku majina yanapotangazwa utasikia mtu anasema kwa mkato tu, "halikurudi," na kila mtu anaelewa ni jina gani.

Mwaka 1995 jina ambalo halikurudi Karatu lilikuwa la Dk. Willibrod Slaa. Alikuwa padri wa Kanisa Katoliki aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, aliongoza kura za maoni za CCM katika jimbo hilo, na vikao vya juu vikamteua mwingine. Karatu ya wakati huo ilikuwa imeshakuwa jimbo lenyewe, kipande cha kaskazini cha ile Mbulu ya zamani, chenye mashamba ya Oldeani, chenye vijiji vya Wairaqw waliohama kidogokidogo kutoka nyanda za juu za Mbulu, upande wa kusini, kwa vizazi viwili vitatu, na chenye kilio cha maji kilichozidi vilio vingine. Slaa alihamia CHADEMA, chama ambacho kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu na ambacho wengi wa wapiga kura wake hawakuwa wamewahi kukisikia. Akashinda.

Ukiviweka visa viwili sambamba, cha 1960 na cha 1995, kufanana kwake kunashtua. Nchi ileile, chama tawala chenye nguvu kupita kiasi, mtu anayekubalika nyumbani, kikao cha mbali kinachoamua vingine, na wananchi wanaobaki na mtu wao. Nakiri kwamba miaka 35 ni mingi, kwamba wapiga kura wengi wa 1995 walikuwa hawajazaliwa Sarwatt alipogombea, na kwamba Slaa alikuwa na mtaji wake binafsi, wa elimu, wa jina na wa mtandao wa kanisa, ambao ungempa nafasi hata mahali pengine. Sitaki pia kuingia katika ile tabia ya kusema kwamba Wairaqw "ndivyo walivyo", kana kwamba ukaidi unarithiwa kama rangi ya macho. Ninachokiona ni utaratibu wa kufikia uamuzi. Jamii ambayo kwa kawaida humaliza mambo yake kwa wazee kukaa na kuafikiana haioni sababu ya kuanza upya baada ya kikao cha watu wasiowafahamu kusema vingine, hata kikao hicho kikiwa cha chama wanachokipenda.

Lakini tofauti kati ya visa hivyo ina uzito kuliko kufanana kwake. Mwaka 1960 Sarwatt aliposhinda, TANU haikupoteza Mbulu. Ilipata mbunge ambaye haikumteua, basi. Hakuhitaji kubadilisha itikadi, kadi wala marafiki. Mwaka 1995 njia hiyo haikuwepo. Mabadiliko ya Katiba ya 1992 yaliyoleta vyama vingi yalibakiza sharti la mgombea kuwa mwanachama aliyedhaminiwa na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo Mahakama Kuu, Dodoma, katika shauri la mwaka 1993, na tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alikubaliana naye kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Hukumu hiyo haikuishi muda mrefu. Desemba 1994 Bunge lilipitisha mabadiliko ya 11 ya Katiba na kulirudisha sharti kwa uwazi zaidi. Kwa hiyo, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulipofika, mtu aliyekatwa jina Karatu alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kukaa kimya au kuhama chama. Slaa alihama, na jimbo likahama naye.

Ni hapo ninapoona gharama ambayo waliofunga mlango huenda hawakuipigia hesabu. Mgombea binafsi anaposhinda, chama hupoteza kiti kimoja kwa miaka mitano. Anapolazimika kuhamia chama kingine, anakwenda na madiwani, matawi, bendera na vijana waliojifunza kupiga kampeni. CCM ilikosa kiti cha Karatu kwa miaka 25. Slaa alishinda tena 2000 na 2005, akakiacha kiti mwaka 2010 ili kugombea urais, ambako alipata zaidi ya asilimia 26 ya kura, na Karatu ikampeleka bungeni Mchungaji Israel Natse wa chama kilekile. Mwaka 2015 akafuata Willy Qambalo, naye wa CHADEMA. Kufikia hapo kulikuwa na watu wazima, wenye watoto, ambao katika maisha yao yote ya kupiga kura hawakuwahi kuona Karatu ikiwa na mbunge wa CCM. Ngome ambayo chama kikuu cha upinzani kilijivunia kwa robo karne ilianzia kwenye jina moja lililokatwa. Kiti kilirudi CCM katika uchaguzi wa Oktoba 2020, kupitia Daniel Awack, katika uchaguzi ambao upinzani ulipoteza karibu majimbo yake yote nchini, jambo ambalo lina sababu zake nyingine na halihusiani sana na kisa hiki.

Kesi ya Mtikila yenyewe haikufa, na safari yake inaturudisha Arusha. Alifungua shauri jipya mwaka 2005. Mahakama Kuu ikampa ushindi tena tarehe 5 Mei 2006. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani, ikiwa na jopo la majaji saba, ikasema kwamba jambo hilo ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge, wala mahakama haina mamlaka ya kufuta kipengele cha Katiba. Mtikila, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu waliofungua shauri lao, wakalipeleka suala hilo kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mahakama hiyo ina makao yake hapa Arusha, katika majengo ya kituo cha hifadhi yenye jina la Mwalimu Nyerere, kandokando ya barabara ya Dodoma, ileile ambayo basi la Karatu hupita kila asubuhi kabla ya kufika Kisongo. Tarehe 14 Juni 2013 ilitoa hukumu kwamba Tanzania, kwa kumzuia raia kugombea bila chama, imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuikuta nchi yoyote na hatia baada ya kusikiliza kiini cha malalamiko.

Hoja ya serikali katika mashauri hayo haikuwa ya kupuuzwa. Ilisema kwamba nchi changa yenye makabila mengi inahitaji vyama vya kitaifa ili siasa zisiangukie katika ukabila na udini, na kwamba mgombea asiye na chama hana wa kumdhibiti. Mtu anayeijua Mbulu ya 1960 anaweza kuijibu hoja hiyo kwa mfano badala ya nadharia. Mgombea binafsi alishinda katika wilaya yenye makabila manne na zaidi, miezi kumi na mitano kabla ya uhuru, katika wakati ambao umoja wa taifa ulikuwa mbichi kuliko ulivyokuwa wakati wowote baadaye. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, Mbulu ikiwemo.

Mwaka huohuo wa hukumu, rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza kuruhusu mgombea huru, na Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014 ikalibakiza pendekezo hilo, pamoja na kwamba ilibadilisha mengine mengi. Kura ya maoni ya wananchi iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu ambao, kama zile zote zilizotangulia tangu 1965, haukuwa na mgombea hata mmoja asiye na chama. Ibara ya 67 ya Katiba inabaki ilivyo. Anayetaka ubunge wa Karatu, au wa Mbulu, au wa Babati, anakwenda kwa msimamizi wa uchaguzi na fomu ya uteuzi ambayo chama chake kimeidhinisha; pasipo saini na muhuri wa chama, fomu hiyo haipokelewi, na wananchi hawafiki mahali pa kuulizwa.